Miongozo ya kasuku tunayotumiana haijui nyumba zetu

Bandugu wahitimu, na nyinyi wadogo zetu ambao bado mko auditoriumu,

Kuna aina moja ya maandishi ambayo karibu kila nyumba yenye kasuku hapa Lubumbashi iko nayo kwenye simu: mwongozo wa magonjwa ya ndege, kwa Kifaransa, wenye picha nzuri, ulioandikwa Ubelgiji, Ufaransa ao Kanada. Mtu akilalamika kwenye grupu ya WhatsApp ya kartie kwamba ndege yake haikule, dakika tano haziishi, mwingine ametuma PDF. Mimi ninazo nyingi sasa, kwa sababu majirani wananiletea maswali. Wanafikiri mtu mwenye lisansi ya agronomia anajua kila kitu chenye kupumua. Mimi si dokta wa mifugo. Lakini nafaka ninazijua, kuvu za ghalani ninazijua, na kusoma maandishi kwa jicho la ukali tulifundishwa. Kwa hiyo leo ninaihakiki miongozo hiyo kama vile tunavyohakiki kitabu. Maneno yake mengi ni ya kweli. Shida ni kwamba yamepangwa kwa nyumba isiyo yetu.

Tuanze na haki yake. Miongozo hii inatufundisha mambo ambayo kartieni hakuna aliyekuwa anatuambia. Kwanza, ndege anaficha ugonjwa. Porini, yule anayeonyesha udhaifu ndiye mwewe anamkamata wa kwanza, basi anajikaza mpaka nguvu zimwishie. Ukimwona amevimbisha manyoya mchana kutwa, amekaa chini ya kizimba, mkia unapanda na kushuka kila akipumua, ujue ugonjwa haukuanza jana.

Pili, mizani. Kasuku wa kijivu mzima ana uzito wa karibu gramu 400 mpaka 500. Akipoteza gramu 45, macho hayaoni chochote kwa sababu manyoya yanafunika. Lakini hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7. Mizani ndogo ya jikoni inaona. Tatu, kinyesi. Cha ndege mzima kina sehemu tatu: ile ngumu ya kijani ao kahawia, ile nyeupe, na maji. Sehemu moja ikibadilika siku mbili tatu bila wewe kubadilisha chakula, kuna jambo. Nne, ndege mgeni anatengwa na wengine wiki nne ao zaidi kabla ya kuwachanganya. Hayo yote tuyachukue kwa mikono miwili.

Kasoro inaanzia kwenye mpangilio. Miongozo mingi inapanga magonjwa kwa majina, moja baada ya lingine. Kila jina lina dalili zake, sababu zake, halafu sentensi ileile ya mwisho: mpeleke kwa dokta wa ndege. Hapa kwetu UNILU iko na fakilte nzima ya udokta wa mifugo, na ni haki tujivunie. Lakini dokta aliye karibu na parseli yako anaitwa kila siku kwa kuku, mbuzi, nguruwe na imbwa. Kumpima kasuku damu si kitu cha kupata jioni pale Katuba ao Ruashi. Basi msomaji akifika kwenye sentensi ile ya mwisho, anabaki na jina la ugonjwa mkononi peke yake. Na mtu mwenye jina la ugonjwa bila dokta anaenda wapi? Farmasi ya pembeni. Hivyo mwongozo ulioandikwa kwa nia njema unamfundisha mtu wa Lubumbashi kwamba ugonjwa ni jina, na dawa yake ni kidonge.

Mimi ninaona mpangilio ugeuzwe. Mara nyingi sana ugonjwa wa ndege wa nyumbani ni ripoti juu ya nyumba yenyewe: hewa yake, sahani yake, kizimba chake na saa ambazo watu hawapo. Tusome ripoti hiyo kwanza, majina yaje baadaye.

Hewa. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa hapa unaweza kushuka mpaka digrii 10 na chini yake. Umeme ukikatika, mbabula inaingia ndani, mlango unafungwa, na kizimba kinasogezwa karibu ili ndege apate joto. Tunafanya hivyo kwa huruma, na ni hatari kabisa. Makala yanayoungua bila hewa ya kutosha yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Na ndege hapumui kama sisi. Mbali na mapafu ana mifuko ya hewa mwilini, na hewa mpya inapita kwenye mapafu yake akivuta na akitoa pumzi. Mashine hiyo ni nzuri ya kurukia, lakini inabeba sumu haraka kuliko yetu.

Sisi watoto wa muji wa migodi tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Kule Uingereza wachimba makaa ya mawe walikuwa wanashuka chini na ndege wadogo wa manjano, kanari, tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa sababu gesi hiyohiyo inamwangusha kanari kabla ya mtu kusikia chochote. Mwaka 1986 tu ndipo serikali yao ilitangaza kuwaondoa na kuweka vyombo vya umeme. Miongozo yetu inayataja moshi na makala katika mstari mmoja wa mwisho, pamoja na mishumaa ya harufu na vitu vya kupuliza. Kwa nyumba yenye joto la umeme hiyo inatosha. Kwa Lubumbashi, mbabula inapaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Na tuseme wazi: ndege akianguka usiku kwenye chumba chenye mbabula, fungua mlango na utoe watoto nje kwanza. Ndege mtamuangalia baadaye. Ongeza na kikaango kisichoshika chakula: kikisahauliwa motoni kitupu mpaka kipite kiasi, kinatoa moshi unaoweza kuua ndege aliye jikoni ndani ya muda mfupi.

Sahani. Hapa ndipo mimi kama agronome ninakasirika zaidi. Miongozo inasema, na ni kweli, kwamba mbegu peke yake hazitoshi: alizeti na karanga zina mafuta mengi, vitamini A na kalsiamu ni kidogo. Kasuku wa kijivu akikosa kalsiamu anaweza kutetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa. Akikosa vitamini A, ngozi laini ya ndani ya pua na koo inaharibika, na wadudu wa magonjwa wanapata mlango. Sawa. Halafu wanashauri nini? Chakula cha vidonge kutoka dukani kwao, na taa maalumu ya kuiga jua.

Jua! Hapa kwetu msimu wa kiangazi jua linawaka bure miezi mitano, na kasuku anafungiwa kwenye saloni yenye pazia nzito, pembeni ya televisheni. Anahitaji saa moja ya asubuhi nje, chini ya macho ya mtu, na kivuli cha kukimbilia. Nyuma ya kioo cha dirisha haisaidii, kwa sababu kioo kinazuia ile sehemu ya mwanga inayotengeneza vitamini D. Na kwa vitamini A hatuhitaji duka la mbali: kuna lengalenga, matembele, karoti, boga, papai na maembe. Tone moja la mafuta ya mawese juu ya chakula, mara chache kwa wiki, si jambo geni kwa kasuku, kwa sababu msituni wanakula matunda ya michikichi yenyewe. Sombe mbichi hapana, ina sumu ambayo sisi tunaiondoa kwa kutwanga na kupika. Maharagi mabichi hapana vilevile.

Na avoka. Miongozo ya Ulaya inaiweka katikati ya orodha ya vitu vilivyokatazwa, kama kitu cha kununua mara moja moja. Kwetu avoka iko kwenye parseli nyingi, majani yanaanguka juu ya kizimba, watoto wanakula na kumgawia. Ndani yake kuna kitu kinachodhuru moyo na mapafu ya ndege. Kasuku ao ndege mdogo anaweza kufa kwa kipande ambacho kwa mtoto ni mchezo. Basi ukitafsiri mwongozo, usitafsiri tu maneno, tafsiri na miti ya parseli.

Lakini adui mkubwa wa sahani ni yule ambaye miongozo inampa sentensi mbili: kuvu. Tunajua wote jinsi tunavyochambua karanga. Nzuri kwa watu. Zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zinawekwa pembeni: "Hizi tutapatia ndege." Kuvu ya Aspergillus inayokaa kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya inatengeneza aflatoksini, sumu ya ini. Haitoki kwa kuosha, na moto wa sufuria hauiondoi. Dunia iliijua sumu hii kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga karibu 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, na uchunguzi ukafikia kwenye unga wa karanga waliolishwa. Ndugu yake kuvu huyo ndiye analeta aspergilosi, ugonjwa wa mapafu ambao kasuku wa kijivu anaupata kirahisi akikaa juu ya matandiko yenye unyevu na mbegu zilizooza. Karanga ambayo haifai kwako haifai kwake. Na kama gunia lako la mahindi limempa ndege ugonjwa, jiulize bukari ya nyumba nzima inatoka gunia gani.

Kizimba. Hapa hakimu ni rula. Kasuku wa kijivu akifungua mabawa anafika karibu nusu mita. Vizimba vingi tunavyoona barandani havifiki hapo. Anakaa miaka, na anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, bila siku moja kunyoosha mwili wake. Kisha waya: ule unaong'aa, uliopakwa zinki, kasuku anautafuna kutwa, na zinki inamwingia mwilini. Rangi ya zamani yenye madini ya risasi inafanya vilevile. Mwambie fundi wa kulehemu atumie chuma kisichopakwa zinki, na kisipakwe rangi usiyoijua. Vijiti vya kukalia visiwe vyote vya mviringo mmoja kama fimbo ya ufagio, kwa sababu nyayo zinaota vidonda. Kata matawi ya mpera ao mwembe, manene na membamba, uyaoshe, uyabadilishe akishayatafuna.

Na upweke. Miongozo ikifika kwenye kasuku anayejinyofoa manyoya, inaandika "tatizo la tabia". Neno hilo silipendi, kwa sababu linaweka kosa kwa ndege. Ni kweli kwamba kunyofoa kunaweza kutoka kwa ini, wadudu ao chakula kibaya, na inabidi kutafutwa. Lakini tukumbuke tunasema juu ya mnyama gani. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg kule Marekani kwa miaka 30 mpaka alipokufa mwaka 2007, alikuwa anataja rangi na maumbo, na kuhesabu vitu mpaka sita. Mnyama wa akili hiyo, aliyeumbwa kuishi katika kundi, anawekwa peke yake kwenye waya kuanzia saa moja asubuhi mpaka watu warudi kazini usiku. Ingekuwa ajabu asingefanya kitu.

Sasa dawa. Mazungumzo niliyosikia mara nyingi ni haya:

"Ndege yangu iko inalala mingi, halafu inapiga chafya."
"Ulifanya nini?"
"Nilimupatia tetra. Nilifungua kapsule moja ndani ya maji."

Tetrasikilini haiui kuvu, haiui virusi, haiondoi zinki wala moshi wa mbabula. Ndege mgonjwa anakunywa kidogo, na maji machungu anayaacha. Kama kuna kalsiamu kwenye chakula, inashikana na dawa na kuizuia kuingia mwilini. Na ule ugonjwa mmoja ambao dawa za ukoo huo zinautibu kweli kweli, sitakosi, kwa ndege unatakiwa matibabu ya wiki nyingi, kawaida siku 45, kwa kipimo cha dokta. Kapsule moja ya siku mbili inanyamazisha dalili, bakteria inabaki.

Hapa miongozo ya nje iko sahihi na inafaa tuiunge mkono kwa nguvu: sitakosi inahamia kwa watu. Mwaka 1929 na 1930 iliwashambulia watu katika nchi nyingi, na chanzo kilikuwa kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini. Tunaivuta na vumbi la kinyesi kikavu na manyoya. Mtu anapata homa, kichwa kinauma, kikohozi kikavu. Kwetu homa ni malaria, na kama si malaria ni tifoidi. Dawa inaisha, homa inabaki. Sentensi ambayo haimo kwenye PDF hata moja niliyosoma, na ambayo ingesaidia nyumba ya hapa, ni hii: ukifika hospitalini na homa na kikohozi, mwambie dokta bila kuulizwa, "Nyumbani tuko na kasuku." Na kinyesi kilowanishwe na maji kabla ya kufagia, watoto wasilishwe mdomo kwa mdomo na ndege.

Kasoro ya mwisho ni ukimya. Miongozo inaanza na ndege ambaye tayari yuko kizimbani, kama vile alizaliwa humo. Kwao labda ni kweli, wengi wanazalishwa na wafugaji. Kwetu kasuku wa kijivu si ndege wa miombo ya Katanga. Amekamatwa misitu ya Maniema, Tshopo, Sankuru, amesafiri ndani ya boksi amebanana na wenzake, na wengi wanakufa kabla ya kufika sokoni. Hilo pia ni jambo la afya: hofu na msongamano vinashusha kinga, na ndege aliyebeba sitakosi anaanza kuimwaga kwa wingi wakati huo huo. Wewe unayemnunua pembeni ya barabara unanunua na ile safari.

Mwaka 2016 aliwekwa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Mwaka huo huo, mkutano wa CITES pale Johannesburg ulimpandisha kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na kuanzia tarehe 2 Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa msituni ikakatazwa. Nchi yetu nayo iko na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira asilia. Najua jibu: "Lakini mimi sikumukamata, nilimuhurumia tu." Muuzaji hajui huruma yako, anajua pesa zako, na kesho atarudi na boksi jingine. Mwongozo wa afya ambao hausemi "usinunue mwingine" umeruka kinga ya kwanza.

Kwa hiyo nini? Sisemi tufute PDF hizo. Ninasema sisi, tuliosoma kwa jasho la wazazi, tuache kuwa watu wa kutuma tu kazi za wengine. Kurasa nne zinatosha, kwa Kiswahili chetu. Ya kwanza: hewa, mbabula, baridi ya mwezi wa sita. Ya pili: sahani, na mbele kabisa karanga mbovu na avoka. Ya tatu: kizimba, jua, na saa za upweke. Ya nne: dalili, uzito wa kila wiki, na lini kukimbia kwa dokta bila kusubiri kesho. Na dalili za kukimbia ni chache: anapumua mdomo wazi, anatoka damu, anaanguka, hajala siku nzima, ao uzito umeshuka sehemu moja ya kumi. Kabla ya kufika, mweke boksini penye giza kidogo na joto la chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mbali na moshi.

Agronome peke yake hawezi kuandika ukurasa wa nne. Wenzetu waliotoka fakilte ya udokta wa mifugo wasome haya, warekebishe, waongeze. Mukiona nimekosea kipimo, andikeni chini hapa, tutabadilisha kabla ya kuchapa. Na wenye kasuku nyumbani musingojee kurasa hizo: Jumamosi hii azimeni mizani ya jikoni, pimeni ndege, andikeni gramu na tarehe ukutani. Wiki ijayo mupime tena.